Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Apple: Shukrani kwa Kutuchagulia

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Kampuni ya Apple,
Cupertino, California, Marekani.

Baada ya salamu na taadhima ziwastahilizo watu wa daraja yenu, nawaandikia mimi, mtumiaji mmoja miongoni mwa mamilioni waishikao simu yenu asubuhi kabla ya kunawa uso na kuiweka chini usiku baada ya macho kugoma, ili nitoe shukrani ambayo imechelewa kwa miaka mingi. Wengi wamekwisha kuwasifu kwa kioo, kwa kamera na kwa wembamba wa simu zenu. Mimi nawasifu kwa jambo ambalo matangazo yenu hayalitaji kamwe, nalo ni ihsani mliyotufanyia ya kututua mzigo wa hiari.

Simu yenu inapowashwa mara ya kwanza humsaili mwenyewe kwa utaratibu mrefu usio na haya. Humwuliza lugha yake na nchi yake; humtaka atunge nambari ya siri; humwamuru ageuze uso huku na huku ili upate kukaririwa; humdadisi kama angependa kuingiza kadi yake ya benki, kama aridhia mahali alipo pajulikane, na kama atapenda kuzungumza na Siri, msaidizi wenu wa sauti. Katika nchi nyingi swali moja halimo: kila atakapoandika neno katika kivinjari cha Safari, akitafuta dawa ya mtoto, nauli ya safari au bei ya saruji, ni nani apelekewe haja yake hiyo? Hilo mlikwisha kumjibia tangu mwaka 2003 Safari ilipozaliwa, na jibu ni Google. Mkuu wenu wa huduma, Bwana Eddy Cue, aliieleza mahakama mjini Washington mwaka 2023 kwamba mwataka mteja aanze kuitumia simu yake upesi, asiulizwe ila mambo ya lazima. Hekima hiyo nimeifahamu na kuikubali: kadi yangu ya benki ni jambo la lazima, ama nani ayajue yote niyatafutayo usiku na mchana, huo ni upuuzi usiostahili kunipotezea wakati.

Wala sitawasingizia kwamba mmetufungia njia kabisa, kwani hiyo ingekuwa dhuluma, nanyi si watu wa dhuluma. Mtu mwenye subira akiingia katika Mipangilio, akaitafuta Safari, akashuka mpaka penye mtambo wa kutafuta, atakuta orodha fupi ambayo katika nchi nyingi ni Google, Yahoo, Bing, DuckDuckGo na Ecosia, na humo ana uhuru kamili wa kuchagua chochote kile mlichomchagulia. Asichokitaka hakifutiki, na akitakacho ambacho hamkukiandika hakiandikiki, ijapokuwa Firefox na Chrome za kompyuta humruhusu mtu kuongeza mtambo aupendao kwa kuandika anwani yake tu, na mpaka leo hatujasikia kwamba yupo aliyedhurika kwa ruhusa hiyo.

Kwa muda mrefu nilidhani kazi hii ya kutuchagulia mwaifanya kwa kutaka thawabu. Kumbe shauri ambalo Wizara ya Sheria ya Marekani iliifungulia Google mwezi Oktoba 2020 lilikuwa na mengi ya kutufunulia: ya kwamba mwaka 2021 Google ilitoa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu na wenye vivinjari ili iwe chaguo-msingi kwao, yaani jibu lililokwisha kuwekwa kabla ya mtumiaji kuulizwa. Ya kwamba mwaka 2022 ninyi peke yenu mlipokea dola bilioni 20. Na ya kwamba katika kila dola 100 ambazo Google huzipata kwa matangazo ya utafutaji unaopitia Safari, dola 36 huwaendea ninyi, siri ambayo ilimponyoka shahidi wa Google mwenyewe mbele ya hakimu. Hapo ndipo nilipoitambua thamani yangu. Uvivu wangu, ambao wazazi waliuombea dua na walimu wakaupiga fimbo, na wote wasifaulu, ni bidhaa adhimu inayouzwa Marekani kwa bei ambayo mataifa mengi hayaipati kwa mauzo yao yote ya nchi za nje. Simu niliinunua kwa fedha yangu, nikadhani nimepata mtumishi. Kumbe nimeajiri bawabu mwenye mshahara wa pili kwa mwenye duka, ambaye kila nimwambiapo anipeleke sokoni hunishika mkono akanifikisha kwenye duka lile lile, kisha akanikumbusha kwa adabu kwamba maduka mengine hayakufungwa.

Hoja yenu mahakamani ilikuwa kwamba Google mliiteua kwa kuwa ndiyo bora, na katika hilo sina ugomvi nanyi, maana hata Jaji Amit Mehta, aliyehukumu tarehe 5 Agosti 2024 kwamba Google ni mhodhi aliyevunja sheria ili kuulinda uhodhi wake, aliukiri ubora wa mtambo huo. Lakini wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na tangu siku ile nimekaa nikitafakari ni wapi nikiweke kitu cha aina ya tatu, ambacho ni kizuri, chajiuza, na bado hutoa dola bilioni 20 kwa mwaka mmoja ili mnunuzi asiulizwe kama anakitaka.

Watetezi wenu hupenda kutoa mfano wa Firefox, ambayo mwaka 2014 ilipatana na Yahoo iwe chaguo-msingi kule Marekani, watumiaji wengi wakarejea Google kwa mikono yao wenyewe, na mwaka 2017 Mozilla nayo, yenye kukimiliki kivinjari hicho, ikawafuata. Mfano huo naupokea kwa furaha, kwa kuwa wathibitisha kwamba watu wanayo akili ya kuchagua pale njia inapokuwa wazi, na mwenye akili ya kuchagua hana dhara akiulizwa. Walakini Mozilla hiyo hiyo, yenye sifa ya kupigania uhuru wa mtumiaji, hupata sehemu kubwa ya riziki yake kwa Google, hata mwezi Mei 2025 mkuu wake wa fedha akaiambia mahakama kwamba malipo hayo yakikatwa yamkini kampuni isisimame tena. Ikiwa mtetezi wetu hula katika sahani hiyo, sisi tutamshitakia nani?

Tulimtazamia Jaji Mehta. Tarehe 2 Septemba 2025 alitoa uamuzi wake wa tiba: mikataba ya kumfunga mtu kwa Google peke yake aliikataza, bali malipo hakuyakataza, akihofia kwamba kuyakata kungewaumiza mno wenye kuyapokea, wala hakuamuru mtumiaji aonyeshwe orodha apate kuchagua. Niliposoma jinsi mlivyohurumiwa nilitaka kuchangisha sadaka kwa ajili yenu. Hukumu ya mwisho iliongeza kwamba mkataba wa chaguo-msingi usizidi mwaka mmoja. Kwa hivyo kila mwaka mtaketi upya kutupangia bei, nasi hatutaarifiwa kama tumepanda au tumeshuka.

Fauka ya hayo, mmekwisha kutuonyesha kwamba kuuliza si kazi ngumu. Tangu mwezi Machi 2024, Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kuwabana, mwenye simu yenu katika nchi zile 27 akiifungua Safari kwa mara ya kwanza huletewa orodha ya vivinjari, iliyochanganywa bila ya upendeleo, achague akitakacho. Hilo ni swali la kivinjari, si la mtambo wa kutafuta, lakini ni swali, na mkazi wa Lisbon hulijibu kwa dakika moja akaendelea na shughuli zake. Mkazi wa Tanga, wa Mombasa, wa Maskati na hata wa New York haulizwi, ilhali simu ni ile ile. Yaonekana kuchagua ni mzigo uwazidio nguvu wanadamu wote, isipokuwa wale wakaao mahali ambapo kutowauliza huweza kuleta faini ya asilimia 10 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote.

Kwa hiyo naleta maombi matatu, kwa unyenyekevu. La kwanza, katika maswali yale mengi ya siku ya kwanza tieni na hili la mtambo wa kutafuta, majina yapangwe bila ya mnada. Maana Google ilipolazimishwa kuwapa chaguo watu wa Ulaya wenye simu za Android, mwaka 2020 iliwauzia washindani wake nafasi za kuandikwa katika orodha, mpaka mwaka 2021 ilipoona aibu ikaacha. La pili, mruhusuni mtu kuandika mtambo asioukuta katika orodha yenu, na kuufuta asioutaka, ufutike kweli. La tatu, akishachagua, aachwe na chaguo lake, na sasisho la programu lisijipe mamlaka ya kuligeuza.

Nanyi wasomaji wenzangu, msingoje majibu ya barua hii, kwa kuwa wanaoulizwa wana sababu bilioni 20 za kukaa kimya. Ingieni leo katika Mipangilio, mwisome orodha hiyo jina kwa jina, mjaribu mtambo msioujua kwa siku chache, kisha mchague. Mkiirudia Google, hapana neno. Itakuwa mmeichagua ninyi, wala si mtu aliyelipwa kuwachagulia.

Wasalaam,
Mimi mtumiaji wenu mtiifu, niliyeuzwa bila ya kuulizwa.