Jinsi ya Kuwapita Wakongwe kwa Njia ya Mkato

Sogea karibu, mkuu wangu. Chuo chako kina miaka sita, rangi ya ukutani bado inanukia, na mzazi akisikia jina lake anauliza, "Kiko wapi hicho?" Wenzako wana majina. Makerere ilianza mwaka 1922, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1961. Miaka haiuzwi sokoni. Ukishindana nao kwa umri utashindwa, na ukiwaiga mtaala utashindwa kwa gharama kubwa zaidi.

Lakini umri unakwepeka. Ipo njia ya mkato, halali kabisa, na wengine wamekwisha kuipita: kifunge chuo chako na kazi, kwa kamba fupi. Hata Makerere ilizaliwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake 14 wa mwanzo walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mkongwe naye alianza na randa mkononi.

Baadhi ya ninayokuandikia nimeyaona kwa karibu hapa Newburg, kusini mashariki mwa jiji la Louisville, jimbo la Kentucky, kwenye jiji ambalo Wakongo na Warundi wengi wenye Kiswahili chao wamepata makazi. Shika kalamu. Hatua ni tisa.

1. Usijenge karakana. Azima.

Najua mchoro wa jengo umeshaupenda. Una ghorofa tatu, vioo vya buluu na kibao cha jiwe la msingi chenye jina lako. Uweke kabatini. Mashine utakazonunua leo kwa mkopo zitachakaa kabla mkopo haujaisha, na miezi ya mwanzo zitakaa chini ya plastiki zikimsubiri mgeni rasmi.

Mashine zinazofanya kazi ziko kwa wenye kazi. Jirani na Newburg kuna Appliance Park, viwanda ambavyo General Electric ilianza kuvijenga mwaka 1951 kutengeneza majokofu na mashine za kufulia. Mwaka 1954 viwanda hivyo vilinunua kompyuta ya UNIVAC kwa ajili ya mishahara na hesabu zake, jambo ambalo hakuna kampuni binafsi Marekani iliyokuwa imelifanya. Mwaka ule, mwanafunzi aliyetaka kuona kompyuta ikifanya kazi ya biashara alipaswa kuuliza njia ya kiwandani.

Hali ndiyo hiyo hadi leo. Kitu kipya kwenye mji wako kipo bandarini, kwenye kiwanda cha sukari, kwenye kituo cha kupozea umeme, kwenye hospitali ya rufaa. Omba kona yenye meza, kabati la kufuli na ruhusa ya kuingia. Jengo lako la kwanza liwe hilo.

2. Iba ratiba, usiibe mtaala.

Tuseme ukweli kuhusu fildi yetu, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anasoma miaka mitatu, kisha anatupwa ofisini wiki nane. Wiki ya kwanza anaelekezwa choo kilipo, wiki ya pili anatumwa kutoa kopi. Usiku wa mwisho anaketi na daftari la fildi lililo tupu na kalamu tatu za rangi tofauti, ili kurasa zionekane zimeandikwa siku tofauti. Asubuhi anagongewa muhuri. Mhadhiri naye anaupokea muhuri huo kwa heshima zote.

Dawa yake ilipatikana zamani, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa. Mwaka 1906, kwenye Chuo Kikuu cha Cincinnati, mhandisi Herman Schneider aliwapokea wanafunzi 27 akawapanga zamu: wiki hii darasani, wiki ijayo kiwandani, halafu warudi. Mwanafunzi alirudi darasani na swali lililomchoma vidole.

Ukivuka mpaka kutoka mji wa Buffalo kuingia Kanada utakuta aliyeiba vizuri zaidi. Chuo cha Waterloo kilianza mwaka 1957 bila jina wala historia. Miongoni mwa waliokipigania alikuwa Ira Needles, aliyeongoza kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich nchini Kanada, akisema wazi kwamba wahandisi hawatoshi na kwamba viwanda lazima vishiriki kuwafunza. Wanafunzi wa chuo hicho wakapishana darasani na kazini tangu siku za mwanzo. Leo ukitaja elimu inayoambatana na kazi, popote duniani, Waterloo inatajwa mapema.

Basi iba bila aibu. Muhula mmoja darasani, muhula mmoja kazini, tangu mwaka wa kwanza. Fildi ikijirudia mara nne, hakuna awezaye kuighushi kwa kalamu tatu.

3. Gawa kalamu nyekundu.

Hapa ndipo wengi huogopa. Wanasaini hati ya makubaliano, wanapiga picha wakishikana mikono, na mwajiri haonekani tena mpaka mahafali. Wewe mpe madaraka. Mpe sehemu ya alama za mwisho azitoe yeye.

Mlete fundi mkuu kwenye chumba cha mtihani. Aweke mota mezani, aiwashe, isikike ikikwaruza. Amuulize mwanafunzi, "Inalalamikia nini?" Mwanafunzi aliyekariri atatazama dari. Aliyewahi kushinda nayo ataweka kiganja juu ya ganda, asikilize, aseme beringi imekwisha, kisha aeleze kwa nini imekwisha. Dakika kumi za namna hiyo zinakueleza yale ambayo karatasi ya saa tatu ingekuficha.

Ukitaka kipimo cha nje, kipo pia. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kilichopata hati yake mwaka 2012, kilishirikiana na Siemens kufundisha na kutahini umekatroniki kwa cheti kinachotambulika nje ya Kenya. Kijana wa Nyeri haulizwi tena chuo chake kiko wapi. Anaonyesha cheti.

4. Lisha majivuno ya watu, kwa mkono mweupe.

Binadamu anapenda kutajwa. Usipambane na jambo hilo, litumie. Fundi aliyekaa miaka 30 kwenye kiwanda cha sukari hajawahi kuitwa Mwalimu. Mwite. Mpe kitambulisho cha chuo chenye picha, mvike joho siku ya mahafali, mweke safu ya mbele karibu na mkuu wa mkoa. Atakufundishia vijana kwa moyo ambao mshahara wako usingeununua.

Meneja naye ana majivuno yake: andika jina la kampuni yake mlangoni mwa darasa. Profesa wako vilevile. Anataka kupanda cheo, na cheo kinapanda kwa makala. Basi badilisha kanuni za seneti, miezi mitatu aliyokaa kiwandani akitatua tatizo la kweli ihesabiwe kwenye kupandishwa kwake. Utashangaa maprofesa watakavyozipenda buti.

5. Ada ilipwe na kazi.

Mwanafunzi maskini hawezi kufanya kazi bure muhula mzima. Anayeweza ni mtoto wa mwenye gari. Ukimwacha mwajiri asilipe, umewafungulia mlango watoto wa wenye nazo peke yao.

Louisville ilijifunza kwa shida. Miaka ya 1990 kampuni ya vifurushi ya UPS, yenye kituo kikubwa kwenye uwanja wa ndege wa hapa, ilihangaika kupata watu wa zamu ya usiku. Waliokuja waliacha upesi. Mwaka 1998 kampuni, serikali, Chuo Kikuu cha Louisville na vyuo vya kati vya Jefferson wakaanzisha Metropolitan College: mwanafunzi anapanga vifurushi usiku, ada yake inalipwa. Kampuni ikapata mikono, vijana wakapata shahada.

Liige hilo, lakini kwa macho mawili. Kubeba maboksi kunalipa ada, hakumfanyi mtu mhandisi. Kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba kijana atabadilishiwa kazi kila baada ya miezi michache. Na aliyetoka zamu alfajiri usimpangie somo la saa moja asubuhi. Ratiba ya chuo ndiyo isogee.

Toyota walipiga hatua nyingine. Kwenye kiwanda chao cha Georgetown, humuhumu Kentucky, mwaka 2010 ulianza mpango wa kuwafunza mafundi pamoja na chuo cha kati cha jirani: siku mbili darasani, siku tatu kiwandani kwa malipo, na kufika kazini kwa wakati ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Tabia ya kazi wanaifundisha, hawamwachii mama mzazi peke yake.

6. Chungulia nje ya geti.

Usifungue kozi ishirini na tano kwa sababu jirani anazo. Tafuta kitu kimoja kilichopo kwenu na ambacho mkongwe hawezi kukihamisha.

Chuo cha Ufundi Arusha kilitazama Kikuletwa, wilaya ya Hai, palipokuwa na kituo cha zamani cha umeme wa maji kilicholala miaka mingi, kikapageuza kituo cha kufundishia nishati jadidifu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliangalia Mwanza, kwenye ukanda wa wafugaji, ikaijengea kampasi yake huko jina la ngozi. Wa Nyeri wana shamba la kahawa ndani ya chuo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopewa hati mwaka 2013, mizizi yake ni taasisi ya MIOME iliyofundisha ufundi na ubaharia kwenye mji huo wa bandari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tembea kilomita kumi kila upande wa chuo, uulize wenyeji nini kinaharibika mara kwa mara na nani anakitengeneza. Jibu lao ndiyo kozi yako.

7. Tengeneza kidogo, uza mapema.

Mwaka 2014, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Louisville, kitengo cha vifaa vya nyumbani cha General Electric kilifungua kiwanda kidogo kiitwacho FirstBuild. Wanafunzi, mafundi na wabunifu wa mtaani wanaingia, wanachora, wanakata, wanaunganisha. Mwaka uliofuata wakatangaza mtandaoni mashine ya mezani ya kutengeneza barafu laini, Opal, wakaomba watu wanunue kabla haijaanza kuzalishwa kwa wingi. Wanunuzi walitoa zaidi ya dola milioni 2. Soko liliwapa jibu kabla fedha nyingi hazijazama.

Kwetu Afrika Mashariki ujasiri haujapungua. Makerere waliliendesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors. Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret mwaka 2007, na kiwanda kilichofufuliwa kwa mitambo mipya kikazinduliwa mwaka 2019. Hesabu hapo: miaka 12. Moi iliweza kusubiri. Wewe huna miaka 12, ndugu yangu. Usinunue kiwanda. Tengeneza pampu moja, kikaushio kimoja cha dagaa, kitanda kimoja cha hospitali. Kikinunuliwa, tengeneza cha pili.

8. Usiuze chuo kizima.

Kiwanda nacho hubadilika. General Electric waliuza biashara yao ya vifaa vya nyumbani kwa Haier ya China mwaka 2016. UNIVAC ile ya 1954 imebaki historia. Mwanafunzi aliyefundishwa kubonyeza kitufe cha mashine moja tu atastaafu pamoja na mashine hiyo.

Kwa hiyo mwajiri akikuambia upunguze hesabu na fizikia ili vijana wafike kazini haraka, mkaribishe chai, msikilize, kisha kataa. Hesabu ndiyo itakayomvusha kijana kutoka mashine ya leo hadi ya kesho. Kataa pia kumtegemea mwajiri mmoja. Watafute watano, wa ukubwa tofauti, na mmojawapo awe gereji ya mtaani.

9. Bandika orodha getini.

Vyuo hupenda kutangaza idadi ya waliohitimu. Wewe tangaza walipo. Mwaka mmoja baada ya mahafali, kwa kila kozi, onyesha wangapi wameajiriwa, wangapi wamejiajiri, wangapi bado wanatafuta, na kipato cha wastani. Majina yao yatunze, hesabu iweke wazi. Kozi ambayo wahitimu wake wengi wanatafuta, ifumue mwaka uleule.

Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili kulipa ada ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla hajauza wa tatu. Ukimpa bila kuombwa, atakutangaza sokoni, msikitini, kanisani na kwenye vikao vya harusi, na hakuna mkongwe atakayepata tangazo la namna hiyo kwa fedha.

Sasa anza. Jumatatu andika barua tatu: moja kwa kiwanda kilicho karibu, moja kwa fundi mstaafu anayeheshimika mjini, moja kwa seneti yako kuhusu ratiba ya zamu. Usizitume kwa mhudumu. Zipeleke mwenyewe, na unapofika kiwandani omba kuonana kwanza na msimamizi wa zamu, maana yeye ndiye atakayekaa na watoto wako.