Wembe wa Babu na Mpingo Uliozama

Lawama zote zilimwangukia shemeji. Wembe wa kukunja wa babu ulikuwa umelala miaka mingi ndani ya kopo la biskuti pamoja na mkasi na sindano za mama mdogo, na kopo lilipofunguliwa tukakuta kutu tupu. Mjomba akahukumu papo hapo: shemeji amekata samaki kwa wembe wa marehemu, akaurudisha na chumvi yake. Shemeji akala yamini. Mama mdogo akanuna, kwani mkasi wake nao ulikuwa umeliwa na hakuna aliyeusikitikia.

Bibi ndiye aliyesema, "Hebu nuseni. Huu si uvundo wa samaki."

Harufu ilikuwa kali, ya kuwasha pua, na ilitoka kwenye mpini. Ulikuwa wa seluloidi iliyotiwa rangi ifanane na pembe. Seluloidi hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, ikachanganywa na kafuri. Ikizeeka huoza yenyewe na kutoa mvuke wa asidi. Ndani ya kopo lililofungwa, mvuke huo hauchagui: umekula wembe, mkasi na sindano. Shemeji akasafishika. Mjomba hakuomba radhi.

Badala yake akataka kutupia wembe motoni ili kutu idondoke. Nikamzuia kwa mikono miwili. Seluloidi hulipuka moto kwa cheche ndogo, na chuma chembamba kikipata joto hadi kugeuka rangi ya buluu hulegea, makali hayasimami tena. Tukang'oa mpini, tukasugua bapa kwa msasa laini na mafuta ya cherehani mpaka neno Solingen, jina la mji wa Ujerumani, likaonekana. Kuliona tu, mjomba akasema ni mali ya mabaharia wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta yetu ya Rufiji na kuzamishwa Julai 1915. Bibi akamkata: babu aliununua dukani, kwa fedha za mpunga.

Mpini mpya uwe wa mpingo, ndivyo tulivyokubaliana. Kaka alileta kipande kutoka kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Akishuka mtumbwini kwetu Mbwera, kikamponyoka. Mti mwingine ungeelea. Mpingo mzito kuliko maji, ukaenda chini moja kwa moja. Tukasubiri maji yapwe, nyumba nzima tukaingia topeni kati ya mizizi ya mikoko, tukipapasa kwa nyayo. Aliyekipata ni shemeji.

Kaka akakipasua vibao viwili vyembamba, akatia kabari mkiani na kupitisha vijiti vya waya wa shaba. Kijiti cha juu ndicho kazi yenyewe: kikibanwa mno wembe haufunguki, kikilegea makali hugonga mpini na kumeguka. Alikirudia mpaka wembe ukalala katikati kabisa. Kisha kinoo, mgongo na makali vikilala pamoja juu ya jiwe, kisha ukanda wa ngozi.

Bibi akaamuru ndevu za kwanza ziwe za mjomba, na mnyoaji awe shemeji. Mjomba akakaa, povu hadi kooni, akatazama wembe unavyokunjuka.

"Mkwe wangu," akasema, "nilikukosea. Niwie radhi."

"Nimekusamehe, baba. Inua kidevu."

"Na mkasi wangu?" akauliza mama mdogo.