Jinsi ya Kuchonga Bushi Uani na Kumkomesha Mkereza Vyuma

Usipime. Venia ni ya watu wasiojiamini. Ganda la bushi ya wishiboni ya gari hulizidi tundu lake kwa sehemu chache tu za mia za milimita, ndiyo maana hubana lisicheze. Jicho lako litaiona tofauti hiyo, hasa jioni, taa ya simu ikiwa mdomoni.

Kutoa bushi ya zamani, karakana za Gerezani zina presi ya haidroliki. Wewe una nyundo, kipande cha bomba na shemeji. Shemeji ashike. Ikigoma, choma moto. Moshi mweusi wa mpira utawatangazia majirani kwamba hapa pana fundi.

Sasa pini ya boljointi. Kiwandani hutengenezwa kwa chuma cha aloi, kikapashwa moto na kupozwa kwa utaratibu, na pale unene unapobadilika huachwa kona ya mviringo ili ufa usipate pa kuanzia. Madoido. Wewe chukua nondo iliyobaki ulipojenga, kata kona ya mraba, nadhifu. Ikipwaya jaza weldi, kisha piga grainda mpaka ing'ae. Ikishang'aa, imefaulu.

(Tuseme haki: kubadilisha linki ya stabilaiza nyumbani kunawezekana kabisa, ukinunua mpya. Lakini hapo hujachonga kitu, utajisifia nini kijiweni?)

Kwenye kukaza ndipo mafundi wa karakana wanapotuchosha. Wao hushusha gari kwanza, magurudumu yabebe uzito, ndipo wamalizie boliti. Eti mpira wa bushi hufanya kazi kwa kujisokota na kurudi, kwa hiyo ukikazwa wishiboni ikiwa inaning'inia, gari likitua tu mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa, na kuchanika kwake hakuko mbali. Maelezo yote hayo kwa boliti moja! Kaza gari likiwa juu ya jeki, kwa nguvu zako zote, ukaoge.

Kesho yake lijaribu kwenye matuta. Likigonga, ongeza redio. Usukani ukivuta upande, nenda nao taratibu mpaka kwa mkereza vyuma, ukiwa na vipande vyote kwenye mfuko, pamoja na ile bushi iliyoungua, maana ataitaka kama sampuli. Atavigeuzageuza mkononi, kisha atauliza ni nani aliyechonga hivi.

Sema ni shemeji.