Asiye na Meno, Herufi Nane

Ilikuwa asubuhi, feri ya Likoni imejaa pomoni, nami nimebanwa kati ya baiskeli iliyopakia trei za mayai na mama mwenye beseni la samaki. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika gazeti lililokunjwa mara nne, ukurasa wa chemshabongo ukiwa juu. Tisa kulia: asiye na meno, herufi nane. Nilikuwa na K ya mwanzo na O ya mwisho. Nikawa nalirudiarudia kwa sauti ya chini kama mtu avutaye uradi. Asiye na meno... asiye na meno...

Kijana aliyesimama nyuma yangu, kumbe alikuwa akisoma pamoja nami tangu tulipopanda, uvumilivu ukamshinda.

"KIBOGOYO!"

Mzee aliyekuwa mbele yetu akageuka. Kinywani hamkuwa na jino hata la kusingiziwa. Nikatazama nyuma kumtafuta kijana. Alikwisha kuzama upande wa pili wa mayai. Nikabaki mimi na mzee, na watu wanaosubiri kuona adabu yangu.

"Samahani, babu," nikasema. "Si mimi. Ni gazeti."

Akalitazama gazeti, akanitazama mimi. "Gazeti linanijuaje?"

Kivuko kile ni cha dakika chache tu, lakini siku hiyo niliona ng'ambo inarudi nyuma.

Na haya yote ni kwa sababu nilitaka kitu kimoja katika siku yangu nikifanye peke yangu. Kazini nina bosi na bosi wa bosi. Nyumbani nina mke, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi. Chemshabongo niliiona kama chumba changu: vyumba vyeupe, vyumba vyeusi, mimi na penseli yangu. Jamaa aliyeianzisha, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliichapisha mara ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ikiwa na umbo la almasi. Nadhani alikuwa na mlango unaofungwa kwa ndani.

Wynne aliitungia Kiingereza, lugha ambayo neno huishia popote lilipochokea. Maneno yetu sisi, ukitoa machache ya kuazima, huishia kwenye irabu, na vitenzi vingi huishia A. Ndiyo maana nina ujanja ambao sijawahi kumwambia mtu: kabla sijasoma hata swali moja, hupitia vyumba vyote vya mwisho nikijaza A. Abiria akichungulia anakuta nimeshatapakaa ukurasa mzima na dakika mbili hazijapita. Heshima hiyo hudumu mpaka atakapoanza kusoma maswali.

Msaidizi wangu wa kwanza ni mke wangu, na yeye hasaidii, huhukumu. Jumamosi moja alikuwa jikoni, mimi nimekaa sebuleni, nikafanya kosa la kusoma kwa sauti: "Huliwa kwa mbaazi asubuhi. Herufi nane."

"Mahamri," akajibu, hata hakufikiri.

Nikahesabu. Saba. "Hayatoshi. Nafikiri wanataka maandazi."

Kimya. Kisha kijiko kikawekwa chini. Wanaume waliooa wanajua sauti ya kijiko kinachowekwa chini namna ile.

"Baba watoto, nani anakula mbaazi kwa maandazi?"

"Gazeti ndilo linasema."

"Basi gazeti lije likupikie."

Akatoka jikoni na unga mikononi, akanipokonya penseli, akaandika MAHAMURI, na hiyo U ikamalizia chumba cha nane barabara. Nilijaribu kumweleza kwamba neno lake na lile la mtungaji yanakubaliana kwenye herufi tatu tu, M na A za mwanzo na I ya mwisho, na kwamba kuna maneno matano yanayoshuka kutoka hapo ambayo sasa hayana pa kwenda. Akasema hayo ni mambo yao. Nilikula mahamri yangu kwa mbaazi nikanyamaza, na kusema kweli, ukiyala hayo unaona mtungaji alikosea.

Lakini mke wangu ni mtu mmoja. Msiba hasa uko barazani.

Tuna baraza letu Mji wa Kale, tunakaa baada ya Alasiri, kahawa chungu na kashata. Siku niliyofika pale na gazeti ndiyo siku chemshabongo ilipoacha kuwa yangu. Mwalimu, aliyestaafu lakini hajaacha kusahihisha, alinitoa penseli mkononi kama anamnyang'anya mtoto wembe. "Mtu mwenye yakini huandika kwa biro," akasema. Nikamweleza kwamba kitabu cha kwanza cha mafumbo haya, kilichotolewa New York mwaka 1924, kiliuzwa pamoja na penseli yake, maana wenyewe walijua watu watakosea. "Wamarekani," akajibu, akatoa biro mfukoni.

Akaanza na mnyama wa kufugwa, herufi sita. Sote tulijua ni ng'ombe. Kumbe kujua jibu si mwisho wa safari: ritifaa inalala wapi? Mwalimu akashikilia kwamba bila ritifaa huyo si ng'ombe bali kiumbe asiyepata kuzaliwa. Mwenye kahawa akasema ritifaa ni ndogo, ipakatwe na G. Mwalimu akasema herufi ya Kiswahili haipakatwi. Mwishowe akachora ukuta katikati ya chumba cha O, akaipangisha ritifaa humo, na O ikabanwa upande mmoja ikawa kama I. Kutokana na hiyo I tulipoteza neno zima lililokuwa likishuka, na robo saa.

Kisha ikaja tano kulia: pa kupitia, herufi nne.

"Ndia," akasema Ami.

Ami ni mtu wa Mvita, wa baba na wa babu, na kwake yeye ndia ni ndia, mato ni mato, na anayesema macho amekuja juzi na basi. Mwalimu alikuwa ameshaandika. N, D, I, A. Herufi nne, zimekaa kitako.

Nikasema kwa upole, "Ami, gazeti latumia Kiswahili sanifu. Ni njia."

"Sanifu ya nani?"

Hapo nilipaswa kunywa kahawa yangu. "Kiunguja, Ami."

Basi tukarudishwa mwaka 1928. Ami hakuwa amezaliwa, lakini huusimulia ule mkutano wa kusanifisha Kiswahili kama mtu aliyeachiwa viatu mlangoni. "Walikuja hapa! Hapa hapa Mombasa! Wakakaa kwenye mji wetu, wakapigwa na upepo wetu, wakachagua Kiunguja!" Mgeni akamla mwenyeji, ndivyo alivyolipima jambo, na kila baada ya sentensi alilipiga gazeti kwa mkongojo.

Tatizo ni kwamba ile D ilikuwa ndiyo mwanzo wa sita chini: chombo cha tanga, herufi sita.

"Jahazi," nikanong'ona.

"Hiyo yaanza na J," akasema Mwalimu, akionyesha biro. "Hapa pana D."

"Dau," akasema Ami.

"Dau ni herufi tatu, Ami."

"Litieni foromali, litarefuka."

Mwalimu akatukumbusha, kama afanyavyo kila tukishindwa, kwamba huu ni mji wa Muyaka bin Haji, bingwa wa mafumbo, na kwamba tunamwaibisha kaburini. Mwenye kahawa, aliyechoka kutujazia vikombe visivyolipwa, akatoa shauri: kitendawili kikikushinda si hutoa mji? Basi tuwape mji, watupe jibu, twende zetu msikitini.

"Mji upi?" nikauliza.

"Wape Unguja," akasema Ami.

Kesho yake majibu yalichapishwa: NJIA, JAHAZI, na ng'ombe katika vyumba sita, ritifaa imepakatwa na G vilevile alivyosema mwenye kahawa. Nilimpelekea Ami ukurasa. Akauweka mbali na uso, akausoma mpaka mwisho bila haraka, akanirudishia. "Wamekosea," akasema, akaagiza kahawa.

Tangu hapo nimerudi kujaza kwenye feri, midomo imefumbwa, maana kule angalau wasaidizi hushuka. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kumi chini, nimekwama, nikahisi mtu anapumua begani. Nikageuka. Alikuwa yule babu.

"Leo linaniitaje?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akasogeza miwani, akasoma kulia, akasoma chini, akacheka ufizi mtupu. Nikamnyoshea penseli. Akaisukuma kando, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa biro.