Yah: Ombi la Kuezua Nyumba Tulizoziezeka Mapema Mno

Kwa Mheshimiwa Fomu ya Tathmini ya Maafa,
Popote ulipo kati ya faili na gari.

Rejea somo tajwa hapo juu.

Sisi ni wakazi wa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Tunakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu kila mkubwa tunayemfuata anatuambia yeye yuko tayari, anakusubiri wewe tu.

Tatizo letu ni haraka. Masika, upepo ukishaondoka na bati, watu hawakai. Bati linaokotwa kwenye mihogo ya jirani limejikunja, linalazwa chini na kukanyagwa mpaka linyooke. Matundu ya misumari ya zamani yanazibwa kwa lami iliyochemshiwa kwenye kopo la rangi. Misumari mipya inapimwa dukani kwa mkopo, jirani analeta ngazi, mwingine chai. Usiku mtu analala kwake. Wiki zinapita, ndipo unafika wewe na kalamu yako kuuliza uharibifu uko wapi. Unaangalia juu, unaona paa, unaandika “hakuna”. Hata sisi tungeandika hivyohivyo.

Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 hatukuwa na la kulalamika upande wa utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimama, na usiku wa tarehe 4 kikaishiwa nguvu baada ya kuingia Mafia. Lakini ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, mkoa huuhuu, walikuwa wameshazamishwa na mafuriko tangu Aprili. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zimeua watu 155 nchini. Hao walihesabika, Mheshimiwa. Kifo hakiezekwi jioni ileile.

Katesh nako, chini ya Mlima Hanang, tope la 3 Desemba 2023 lilifukia watu na makazi, na Serikali ikawajengea waliobaki nyumba mpya. Haki yao kabisa. Sisi wa Kisarawe tuna vilima tu, navyo havishuki kwa kishindo. Vinamegeka kidogokidogo, korongo linakula barabara, bodaboda anaongeza nauli, mjamzito anashuka kutembea. Kisanduku cha kumegeka hakimo kwako, tumetafuta hadi ukurasa wa nyuma.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imetupa kamati mpaka ngazi ya kijiji. Tunashukuru. Ya kwetu ndiyo hiyo yenye ngazi ya kuazima.

Kwa hiyo tunaomba kibali cha kuezua. Mabati tutayarudisha kwenye mihogo, kila moja mahali pake. Tutakaa nje na watoto, na kwa ajili ya picha tutajitahidi kuhuzunika. Tupewe tarehe tu, maana fundi ana kazi nyingine Mlandizi. Na siku ya hotuba msitusifie uvumilivu. Tukishasifiwa hivyo tunajua fungu limekwisha.

Wako watiifu,
Wakazi.

Nakala: Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayetudai misumari. Akikuuliza, mwambie tathmini inaendelea.