Yah: Ombi la Tochi Kuandikiwa Barua ya Uhamisho

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Masasisho,
Makao Makuu, ng'ambo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote natumaini hujambo, na kwamba umeamka ukakuta mlango wa nyumba yako uko upande ule ule uliouacha jana. Sisi huku Musoma, Bunda na Butiama hatujambo kiasi. Tumelala na simu tunazozijua, tumeamka na simu za mtu mwingine.

Nakushukuru kwa sasisho. Lilikuja kwa heshima zote, na machaguo mawili: "Sakinisha sasa" na "Nikumbushe baadaye". Nilitafuta "Sitaki" juu, chini, hadi nyuma ya kava, sikuiona. Nikachagua baadaye, nanyi mkanikumbusha kwa uaminifu ambao hata wanaonidai hawana. Mwishowe mkaamua wenyewe, kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa bando langu. Mheshimiwa, huu ni Mkoa wa Mara. Mtu anayeingia kwa mwenzake saa nane za usiku na kuhamisha mali mwenyewe akiwa amelala, jina lake tunalijua. Yowe hupigwa, na vijana hufuata nyayo hadi zizi la mwisho. Ninyi mmehamisha, kisha mmeacha na pongezi mlangoni: "Hongera! Simu yako sasa ni bora zaidi."

Niende kwenye tochi. Zamani nilikuwa navuta kidole kutoka juu, tochi iko pale, mstari wa kwanza, kama mlinzi wa zamu. Sasa nikivuta kutoka kushoto zinashuka arifa za watu wanaoniuzia mikopo. Nikivuta kutoka kulia vinashuka vitufe, ila tochi haipo. Ipo ukurasa wa pili, nyuma ya kalamu ya kuhariri, katika kundi la vitu ambavyo sijawahi kuviomba. Haya yote nayafanya umeme ukiwa umekatika, yaani natafuta tochi gizani, na kifaa pekee cha kutafutia ni tochi yenyewe.

Ombi langu kuu basi ni hili. Kuanzia sasisho lijalo, kipengele chochote kinachohama kifuate utaratibu tunaoufuata wote. Mtu akihama kutoka Nyasho kwenda Butiama haibuki tu katikati ya kijiji cha watu. Anaanza kwa mwenyekiti wa mtaa anakotoka. Tochi nayo ianzie hapo. Ifike asubuhi, ikae kwenye benchi, iambiwe mwenyekiti yupo ila muhuri kaondoka nao mtendaji, na mtendaji yuko kwenye kikao Bunda. Irudi kesho. Kesho yake iulizwe kama imetoa mchango wa choo cha shule. Ikishatoa, ilete picha mbili ndogo zenye mandhari ya bluu, zilizopigwa ikiwa imezimwa ili sura ionekane, ndipo iandikiwe: "Mtajwa hapo juu ni mkazi halali wa mstari wa kwanza tangu simu iliponunuliwa. Tabia yake ni njema, isipokuwa hupenda kumaliza chaji. Anahamia ukurasa wa pili kwa sababu ambazo hazikuelezwa. Tafadhali apewe ushirikiano."

Ikifika huko ijitambulishe kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye napendekeza awe Bluetooth, maana ni mkazi wa siku nyingi na hana kazi nyingi. Balozi aitishe mkutano. Vitufe vyote vihudhurie, pamoja na kile cha hali ya ndege ambacho hapa Musoma hatujui kinamsubiri abiria gani. Lazima asimame mzee mmoja, kila mkutano una wa kwake, aulize: "Wewe kijana, ulikotoka ulifukuzwa au umekimbia deni?" Tochi ijibu mbele ya watu. Ikisema imehamishwa ili skrini ipendeze, mzee arudie kuuliza: ipendeze machoni pa nani, na giza analikalia nani? Muhtasari uandikwe. Mwenye simu atie sahihi, kwa kalamu au kwa dole gumba. Asipotia, tochi irudi ilikokuwa siku hiyo hiyo, nauli juu yenu.

Utasema huo ni urasimu. Mheshimiwa, wewe unaongea na watu wanaojua kuhamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere, ambaye kaburi lake liko hapa Mwitongo, Butiama, alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia kwenye vijiji. Wapo waliopakiwa kwenye malori, wapo walioezuliwa mapaa, na wapo wazee ambao Operesheni Vijiji bado haijawashuka kooni. Lakini ilitangazwa. Ilipewa miaka mitatu. Na aliyewahamisha alikuwa na jina na sura, na hadi leo unaweza kupanda bodaboda ukaenda ukasimama mbele ya kaburi lake ukasema lako lote. Wewe nikusemee wapi? Kwenye "Tuma maoni"? Kwanza nionyeshe mmekificha wapi hicho kitufe.

Pale mwalo wa Mwigobero, hapa Musoma, yuko mama anayeuza dagaa. Hakusoma. Simu aliisoma kwa kidole: kona hii, kisha jina la juu, na mwanawe wa Mwanza anaitika. Jirani zako wa Google nao Agosti 2025 walibadilisha sura ya programu yao ya kupigia simu, wakayachanganya majina ya vipenzi na simu za karibuni kwenye ukurasa mmoja, na watu wa nchi nyingi wakaamka wakiulizana kama wamedukuliwa. Waliosoma walilalamika wakazoea. Mama huyu yeye, baada ya sasisho lenu, alidhani simu imekufa. Akapanda gari hadi kwa fundi, akatoa hela ya dagaa, na fundi akarudisha kwa mguso mmoja kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Wale mnaowaita watumiaji wenu, mlipokuwa mmekaa kwenye meza yenu mkipaka rangi vitufe, mlimhesabu huyu? Hamkumhesabu. Mlijua yupo, na hamkujali, kwa sababu hana namna ya kuwafikia.

Naomba radhi, nimepandisha sauti. Naendelea kwa adabu.

Kitufe cha kuwashia kirudi kuwa cha kuzimia. Simu imetumbukia ziwani, umeiopoa, unakibana uizime kabla maji hayajafika kwenye betri, anatokea msaidizi wa sauti anauliza kwa Kiingereza akusaidie nini. Ukimjibu Kiswahili anakutafutia mgahawa.

Vile vitufe vitatu vya chini virudi bila mtu kulipia fundi wa stendi ya Bunda. Picha zisizo na maandishi ziandikwe maandishi. Na vijana wanaotengeneza video za "siri zilizofichwa kwenye simu yako" watafutiwe kazi nyingine. Simu nimenunua mimi, siri mnaifichia nani?

Mkikosa wa kumwiga, piga *150*00#. Menyu ya M-Pesa inakuja na namba zake, nyeusi kwa nyeupe, kutuma pesa ni moja. Haipendezi hata kidogo. Bibi yeyote wa Kiabakari anaipiga macho yakiwa kwenye sufuria.

Majibu naomba yatumwe kwa karatasi, kwa basi lolote la kutoka Mwanza, yashushwe stendi ya Bweri. Kondakta atanipigia. Nisipopokea aendelee kupiga, asidhani namdharau: nitakuwa naitazama simu ikiita, nikichunguza kama wiki hii inapokelewa kwa kuteleza kulia, kwa kuteleza juu, au kwa kubonyeza.

Wako mtiifu,
Mwenye simu (kwa mujibu wa risiti),
Musoma.

Nakala: Fundi simu, stendi ya Bunda, kwa taarifa; na pole ya riziki endapo ombi litakubaliwa.