Grupu Limefungwa kwa Muda

Juzi mpwa wangu kaniambia tena kwamba nimepitwa na wakati. Huniambia hivyo kila baada ya miezi michache, na akishaniambia tu najua kuna programu mpya inataka kupakuliwa na bando langu ndiyo basi tena. "Anko, watu hawako tena huko," anasema, kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba. Wako wapi? "Wamehama."

Wamehama! Tangu nioe nimepanga nyumba tano katika jiji hili la Dar es Salaam. Nimehama kwa mkokoteni, nimehama kwa Kirikuu, mara moja nimehama usiku kwa sababu ambazo mwenye nyumba anazijua. Lakini sijawahi kuhama kama nilivyohamishwa na mashabiki wenzangu wa Simba ndani ya simu yangu mwenyewe, bila kuulizwa na bila kurudishiwa kodi.

Huyo mpwa wangu, baba yake ndiye mtani wangu. Shemeji yangu ni Yanga wa kuzaliwa, wa ile aina inayokukumbusha kwamba klabu yao ilianza 1935 na yetu 1936, utadhani ule mwaka mmoja kauweka benki kwa jina lake. Mtoto mwenyewe, kwa kuogopa vita vya nyumbani, kaamua kuwa Arsenal. Mtu wa Keko, Arsenal. Tumemsamehe, kwa sababu ndiye anayejua nywila za simu zetu.

Utani wangu na shemeji ulianzia kijiweni, kwa muuza kahawa, kabla simu hazijawa na akili. Pale palikuwa na utaratibu. Mnapiga kelele wote kwa pamoja, sawa, lakini unamwona unayempigia kelele. Ukimchoma mtu unaona kikombe kinavyomtetemeka mkononi, unajua hapo umegusa mfupa, unalegeza kidogo. Aliyeshindwa hoja ananunua kashata. Na kesho atakuwepo, kwenye benchi lilelile, na huenda kesho ikawa zamu yako kununua.

Facebook, nakiri, ilianza vizuri. Mei 6, 2012 tuliwafunga Yanga 5–0, na mojawapo ya mabao yale alilifunga Juma Kaseja, kipa, kwa penalti. Kipa! Nilifungua uzi usiku ule nikaandika neno moja, "Kipa", na uzi ukaenda siku tatu. Shemeji alijibu kwa aya ndefu kama wosia, mimi nikamjibu kwa aya, muuza duka akaingia, mwalimu wa Kiswahili akaingia kusahihisha sarufi ya matusi. Ilikuwa kijiwe, ila bila kahawa. Hazikupita wiki mbili Patrick Mafisango, naye mmoja wa wafungaji wa siku ile, akafariki kwa ajali ya gari. Shemeji alirudi palepale, chini ya kejeli zetu zote, akaandika: "Poleni sana watani." Nilimpigia simu usiku ule. Hatukutaniana mpaka matanga yakaisha.

Tatizo la Facebook nililiona mwaka uliofuata, na nililiona nikiwa nacheka, ndiyo maana sikulishtukia. Oktoba 20, 2013, hadi mapumziko Yanga wanaongoza 3–0. Shemeji, mtu mzima na akili zake, akaandika dakika ileile: "Leo mnazikwa bila sanda." Kipindi cha pili tukarudisha yote, 3–3. Sasa ule mtandao haupangi habari kwa saa zilivyoingia, unapanga kwa jinsi watu wanavyozijia. Kila tulipokwenda kumcheka shemeji tulizidi kuipandisha ile sanda yake. Jumanne asubuhi bado iko juu kabisa ya ukurasa wangu. Jumatano shangazi yake kutoka Korogwe, ambaye hajui mpira ni nini, akauliza kwa hofu nani kafariki.

Nilicheka. Kumbe zamu yangu ilikuwa inakuja. Instagram nayo iliacha kupanga picha kwa saa mwaka 2016, na siku hizi naona utabiri wa mechi siku mbili baada ya mechi kwisha. Mtu ananiuliza Jumatatu, "Leo tunashinda ngapi?" Nimjibu nini? Tumeshafungwa, ndugu yangu, tumeshalia, tumeshakula.

Kisha wote wakahamia WhatsApp, na hapo ndipo utani ulipoanza kuumwa. Mwanzoni grupu letu la mtaa lilikuwa mseto, watu sitini hivi, na siku ya mechi simu ilitetemeka mpaka inatembea yenyewe mezani. Lakini kijiweni mtu akivuka mpaka akamgusa mzazi wa mwenzake, muuza kahawa anamtazama tu, yanaisha. Kwenye grupu hakuna macho, kuna admin. Wetu alikuwa Simba mwenye presha. Jioni moja tulifungwa, na kabla ya adhana ya isha alikuwa ameshawatoa Yanga wote, shemeji akiwemo. Wakaenda kufungua grupu la kwao. Tukabaki Simba watupu.

Umewahi kucheza bao peke yako? Ndiyo grupu la Simba watupu. Wiki ya kwanza raha mustarehe, kila mtu anakubaliana na mwenzake. Wiki ya pili hatuna la kusema, zikaanza picha za maua yenye umande na "asubuhi njema", viatu vya mtumba, mchango wa harusi ya mtu tusiyemjua. Wiki ya tatu tukaanza kuchunguzana wenyewe kwa wenyewe: nani Simba kweli, nani katumwa, nani alilaiki picha ya Yanga. Mimi, niliyelala na redio kifuani tangu utotoni, niliitwa Utopolo, jina tunalowaita Yanga, kwa kosa la kuuliza kwa nini beki wetu wa kushoto hapandi. Watani walipoondoka, ile hasira ya utani haikuondoka nao. Ilibaki ndani ikitafuta mtu.

Na grupu lilivyokuwa linanenepa! Mwaka 2016 idadi ilikuwa imepandishwa hadi watu 256, leo inafika 1,024, na sisi tunajaza kila nafasi inayoongezwa kama abiria wa daladala la jioni. Miongoni mwa wageni akaingia mmoja mwenye picha ya simba dume, anajiita Simba Damu. Kila alfajiri, "Nguvu Moja!" Kila jioni, laana kwa Yanga, tena laana zenye ufundi. Ikafika mahali watu wanataka apewe uadmin. Siku moja akatuma voisi ya dakika nne kumlaumu kocha. Nikaisikiliza nikiosha vyombo. Dakika ya tatu, nyuma ya sauti yake, akaita mwanamke: "Baba Zuwena, maji ya kuoga yanapoa!"

Sauti ile naijua. Ndiyo sauti iliyonishtaki kwa mama nilipovunja birika la wageni. Ni dada yangu.

Nilikaa na sufuria mkononi. Nikamwandikia faraghani: "Shemeji, kaoge." Tiki zikawa za buluu. Kimya. Kisha ile voisi ikafutwa kwa wote. Sikumsema kwa admin, na nikwambie ukweli, nilifurahi. Miezi miwili nilikuwa nikimsifia yule mtu kwamba ndiye peke yake anayejua kubishana.

Lakini hilo la kufuta! Lilikuja 2017, na limeua ushahidi. Utani unaishi kwa kumbukumbu. Ile sanda ya 2013 bado ninayo, naweza kuifunua hata kesho mbele ya wakwe. Siku hizi mtu anajigamba dakika ya kumi, dakika ya themanini anafuta, dakika ya tisini anakuuliza, "Nani alisema?" Wengine wameweka ujumbe unaojifuta wenyewe. Kijiweni uliwahi kuona neno likajifuta?

Mpwa akanihamishia Telegram, maana huko grupu linabeba hadi watu 200,000. Laki mbili! Hao hawaenei hata Uwanja wa Mkapa, ambao ni wa watu 60,000. Nikaandika hoja yangu taratibu, kwa kidole kimoja, nikaweka koma, nikaituma. Ilipofika, mazungumzo yalikuwa yameshahama kutoka usajili wa mshambuliaji hadi bei ya nyanya. Nikajibiwa na mtu mmoja, naye alikuwa anauza sarafu za mtandaoni.

Akanipeleka Twitter, na huko ikabadilishwa jina ikawa X kabla sijazoea la kwanza. Kulikuwa na vikao vya sauti vya usiku, na kwa kweli vile nilivipenda, vilikaribia kijiwe. Ila ukitaka kusema unanyoosha mkono na kungoja. Nilinyoosha mkono saa tatu, nikaitwa saa sita na robo, nikaamshwa na jina langu. Mbele ya mamia ya watu nikasema, "Mama Juma, zima taa." Halafu Mei 2025 mtandao wenyewe ukawa haufunguki hapa nchini. Sisemi mpwa wangu alifanya nini. Nasema tu kwamba simu yangu ilikaa wiki nzima ikinitangazia jibini kwa Kiholanzi.

TikTok sitaki hata kuisimulia, lakini nitaisimulia. Vijana wawili, mmoja wa Simba mmoja wa Yanga, wanagawana kioo cha simu nusu kwa nusu, saa inahesabu, na anayeshinda ubishi ni anayetumiwa zawadi nyingi. Maua ya waridi, mara kofia, na kila ua limenunuliwa kwa hela halisi. Kijana wetu alikuwa na hoja nzito kuhusu kiungo wa kati. Wa Yanga hakuwa na hoja yoyote, alikuwa anabweka. Akashinda aliyebweka, maana alikuwa na mjomba wake Muscat.

Na mwaka 2023 zikaja chaneli za WhatsApp. Nikafuata ya klabu yangu kwa furaha. Taarifa inaingia, nimejaa maneno, natafuta pa kuandika. Hapapo. Anaandika mwenye chaneli peke yake. Sisi wengine tumepewa vikatuni: moyo, moto, uso unaolia. Miaka yote hiyo ya kuhama, kutoka benchi lililokuwa na maneno yote ya Kiswahili na mengine ya kutunga, mwisho wa safari naulizwa maoni yangu juu ya kocha mpya na ninabonyeza biringanya kwa bahati mbaya.

Mpwa anasema sasa niende Discord, kuna vyumba. Vyumba vingapi? Kama ishirini, Anko: chumba cha usajili, chumba cha waamuzi, chumba cha vichekesho. Nikamuuliza, na mtu akitaka kuchekesha kuhusu mwamuzi aliyesajiliwa aingie kipi? Kijiweni tulikuwa na benchi moja, na lilikuwa na mguu mmoja mbovu, na hakuna mada iliyowahi kukosa pa kukaa.

Turudi Novemba 5, 2023, ingawa siipendi tarehe hiyo. Hadi mapumziko ilikuwa 1–1, Kibu Denis katusawazishia, grupu linawaka. Ilipokwisha ilikuwa Yanga 5, Simba 1. Nikaichukua simu. Nilikuwa na mengi: ya beki, ya kocha, ya mwili wangu mwenyewe ulivyokuwa unajisikia. Nafungua grupu, nakuta admin kafunga uandishi kwa wote isipokuwa yeye: "Grupu limefungwa kwa muda hadi hali itakapotulia." Grupu la mashabiki, limefungwa siku pekee ambayo mashabiki wana la kusema! Nikaenda Facebook nikakuta matokeo ya wiki iliyopita. Kwenye chaneli wenzangu walikuwa wameshabonyeza nyuso zinazolia, maelfu kwa maelfu, hakuna hata moja yenye jina. Nikaweka simu kifudifudi.

Saa mbili usiku nikasikia hodi.

"Nani?"

"Mtani."

Shemeji alikuwa mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumapili, na sahani mkononi iliyofunikwa kawa. Hakutuma ujumbe, hakupiga simu. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Keko ili, alisema baadaye, pikipiki isije ikamwaga. Akaketi, akaitisha chai, akafunua. Upande mmoja wa sahani maandazi matano, yamepangwa mduara. Upande wa pili, peke yake, andazi moja dogo lililoungua kidogo.

"Karibu shemeji," akasema. "Hilo la Kibu Denis nimekuwekea."

Mke wangu akakimbilia jikoni kuficha kicheko, akashindwa, tukamsikia. Nikalichukua lile moja. Yale matano aliyala yeye, akichovya kwenye chai yangu, sukari yangu, polepole, na kila alilomaliza alinyoosha kidole kimoja akanionyesha.